Kulichafua Behewa

Behewa lilitoka kwenye boksi likimeta, kijani cha dukani,
shibiri moja na vidole viwili toka bafa hadi bafa,
na tangu Jumamosi limekaa jikoni kwetu, Česká Třebová,
kati ya chumvi na redio,
mimi nimeliinamia kama daktari wa meno.

Waya wa vishikio ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Unaukunja mara mbili, unaupeleka na kibano mpaka tunduni,
unapiga chafya.
Nimeupata leo ndani ya soksi.

Vishikio kumi na sita. Mipira minne ya breki. Kibao cha safari
chenye jina la Brno, ambalo bila lenzi ni kinyesi cha inzi.
Abiria thelathini na wawili wameketi,
na kila mmoja nimemkata magoti kwa wembe
ili kiti kimtoshe. Wanatazama nje, hawalalamiki.

Ikabaki kazi ya uchafu.

Hapo ndipo mama mkwe aliposhuka na kikombe chake.
Bi Blažena: miaka thelathini na moja bohari ya reli,
zamu ya usiku, ndoo na brashi ya mpini mrefu,
maji ya moto yanayopoa kabla hujalifikia behewa la nne.
"Unafanya nini?"
"Nalichafua, mama."
Akakishika kichupa changu, akakisogeza mbali na jicho, akasoma:
vumbi la breki, korona mia na arobaini.
"Mimi walinilipa niuondoe," alisema. "Wewe unalipa wakuletee."
Akacheka mpaka chai ikamfika kwenye kandambili.

Kisha akavuta kiti.

"Si hivyo. Umelichafua kama mtu aliyesimuliwa uchafu."
Nikampa brashi, akaikataa, akaonyesha kwa ukucha:
unga wa breki hutoka magurudumuni, hupanda, huchoka chini ya madirisha.
Chini ya choo pana mchirizi mmoja, rangi yake hatuitaji tukiwa mezani.
Pembeni mwa mlango, mkono unaposhika, usipake kitu;
viganja vya watu vilisugua pale kuliko mimi.
Na vioo, kwa ndani, usawa wa kichwa cha aliyesinzia,
duara la mafuta ya nywele.
"Hilo haliogopi maji. Linataka siki."

Tulipaka mpaka redio ikasoma taarifa ya saa nne.
Kijani kikazeeka. Likawa behewa ambalo mtu angelipanda
akiwa na safari ya kweli na tiketi iliyokunjwa mfukoni.

Nilipodhani tumemaliza, akachovya pamba kwenye spiriti,
akalichagua dirisha la kwanza, hilo tu,
akalifuta polepole, pembe zote nne,
kwa mkono ambao asubuhi ulitetemeka na kijiko.

"Kwa nini hilo?"

"Hilo nililimaliza." Akalipuliza likauke.
"La pili nililianza tu. Uchungu ukanishika nikiwa ngazini,
wakanibeba kwa toroli la mizigo,
na gari likaondoka kwa saa yake, halikumngoja mtu.
Wiki ya pili ikaja barua ya onyo, na mhuri juu:
mfanyakazi amesafisha dirisha moja.
Ninayo bado. Iko na cheti cha kuzaliwa."

Mlango ukagonga. Jitka, theluji mabegani,
akainama juu ya reli kabla hajavua glavu,
injini ikilivuta behewa kulizunguka birika,
dirisha lile moja likidaka taa kila lipitapo.
"Zuri," alisema mke wangu. "Mbona mengine hamkuyasafisha?"

Bi Blažena akakoroga kikombe kitupu.
"Jiulize mwenyewe," akasema.
"Kati yetu, nani alikuwa na haraka?"